Ali, Louis, Tyson au Usyk: namna ya kuwapima mabondia wa uzito wa juu

Baraza za kahawa za Ngamiani hazikosi mada ya ngumi. Baada ya Isha, muuza kahawa akishaweka dele lake juu ya mkaa na kashata zikishapangwa, mtu atamtaja Hassan Mwakinyo kwa sababu ni mtoto wa hapa hapa Tanga, na kutoka kwa Mwakinyo watu wanaruka hadi kwa Muhammad Ali na Mike Tyson. Hapo ndipo sauti zinapopanda. Mmoja anaapa kwamba Tyson angemlaza Ali raundi ya pili, mwingine anamjibu kwamba yeye ni mtoto wa juzi, hajui kitu. Wanaagana kila mmoja na msimamo wake, na kesho yake wanaanza pale pale walipoishia.

Ubishi huu naupenda sana, na kwa kuwa naupenda nataka uwe na hoja za kusimamia. Kuwalinganisha mabondia waliopishana miaka 50 kunawezekana, mradi mtu afuate utaratibu. Ninaoutumia mimi ni huu. Unahitaji daftari, kalamu, penseli, simu yenye bando na subira.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali mawili

Juu ya ukurasa wa kwanza andika "Nani angeshinda?" Juu ya ukurasa wa pili andika "Nani mkubwa zaidi?" Ugomvi mwingi wa barazani unatokana na kuzichanganya kurasa hizi. Ukurasa wa kwanza ni wa usiku mmoja: watu wawili, kila mmoja akiwa wa moto kuliko siku zote za maisha yake. Ukurasa wa pili ni wa safari nzima: alipigana na kina nani, alikaa juu kwa muda gani, alipoanguka aliinukaje.

Mchukue Buster Douglas. Tarehe 11 Februari 1990, mjini Tokyo, alimtwanga Tyson na kumlaza raundi ya 10. Usiku ule jebu yake, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ilikuwa ndefu na ya haraka, miguu ilimtii, na hofu hakuwa nayo hata chembe. Kwenye ukurasa wa kwanza, Douglas wa usiku ule ni mtihani kwa bingwa yeyote wa historia. Miezi minane baadaye alipanda ulingoni akiwa amenenepa, Evander Holyfield akamlaza raundi ya 3, mkanda ukaondoka. Kwenye ukurasa wa pili Douglas hamkaribii Tyson hata kidogo. Hukumu hizi mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

Mwakinyo si wa uzito wa juu, lakini naye anapimwa hivyo hivyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham ambako wengi hawakumjua, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, Mwingereza huyo akiwa kwao. Usiku ule una thamani yake kamili kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili unadai tusome na yote yaliyofuata, pamoja na kipigo cha Liam Smith kule Liverpool, Septemba 2022.

Hatua ya 2: Chagua usiku, usichague jina

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Mtu akikwambia "Ali", muulize: Ali wa lini?

Ali wa tarehe 14 Novemba 1966, Houston, alikuwa na miaka 24 na kilo 96 hivi. Alicheza na Cleveland Williams kama hakuna wa kumgusa, akammaliza raundi ya 3. Ali wa tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, alikuwa na miaka 32 na alikuwa mtu mwingine kabisa: miguu imepungua kasi, mgongo uko kwenye kamba, anapokea makonde ya George Foreman mikononi na mbavuni huku akimsemesha, hadi raundi ya 8 anapomwangusha jitu aliyeshinda mapambano yake yote 40. Ali wa tarehe 2 Oktoba 1980 alikuwa na miaka 38, na mbele ya Larry Holmes hakuwa na cha kutoa. Kona yake, yaani walimu na wasaidizi wake, ilisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Anayesema "Holmes alimpiga Ali" amesema kweli, lakini kuhusu ubora wa Ali hajasema lolote.

Kuupata usiku wa kilele, fungua rekodi ya bondia na utafute kipindi alichowashinda watu wazuri bila kuumia sana. Kisha tazama mapambano matatu ya kabla na matatu ya baada. Angalia vitu vitatu: miguu yake raundi za mwisho, makonde yanayompata, na pumzi anapokaa kwenye kigoda. Ukianza kuona anapigwa kwa ngumi ambazo mwaka uliotangulia alikuwa anazikwepa, jua kilele umekipita, rudi nyuma.

Kwa Tyson kazi hii ni rahisi. Tarehe 27 Juni 1988 alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Mwaka huo huo aliachana na mwalimu wake Kevin Rooney, na kuanzia hapo tazama kichwa chake: kinaacha kuyumba kulia na kushoto wakati anaingia, na badala ya makonde manne ya mfululizo anatafuta moja la kumaliza kazi. Ngumi ilikuwa ile ile nzito, lakini njia ya kuifikisha ilikuwa imeharibika.

Foreman anasumbua. Januari 1973, Kingston, alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 na kuwa bingwa tena. Kwa swali la nani angeshinda, chukua yule wa 1973. Yule wa 1994 mhifadhi kwa ukurasa wa pili, na huko umheshimu sana.

Kuna waliopokonywa miaka yao mizuri. Ali alikataa kuandikishwa jeshini Aprili 1967, akanyang'anywa mkanda na leseni, hakupanda ulingoni tena hadi Oktoba 1970. Alikuwa na miaka 25 alipoondolewa, 28 aliporudi. Joe Louis aliingia jeshini mapema 1942, na baada ya Machi mwaka huo hakutetea mkanda hadi Juni 1946. Kwa watu kama hawa usimpe bondia ushindi ambao hakuupigania. Acha nafasi wazi kwenye daftari, andika sababu, endelea. Hasara ilikuwa kubwa, lakini pambano ambalo halikufanyika halina mshindi.

Hatua ya 3: Mpime na yule aliyepigwa

Kila ushindi mkubwa unaouandika, andika pembeni mambo matatu ya mpinzani: umri, uzito, na hali yake ya siku ile. Safu hii ya pembeni inabadilisha hukumu nyingi.

Rocky Marciano alistaafu na mapambano 49, ushindi 49, nokauti 43. Barazani namba hii hutolewa kama neno la mwisho. Sasa soma safu ya pembeni. Louis aliyempiga Oktoba 1951 alikuwa na miaka 37 na anapigana kwa shida za pesa. Jersey Joe Walcott, aliyemnyang'anya mkanda Septemba 1952, alikuwa na miaka 38. Archie Moore wa 1955 alikuwa anakaribia 40 kama hajaipita. Ezzard Charles alikuwa bado na nguvu, lakini ubora wake wote aliuonyesha akiwa na uzito mdogo zaidi. Haya hayamfanyi Marciano kuwa bingwa wa bahati. Walcott alimwangusha raundi ya kwanza, akawa anaongoza kwa pointi hadi raundi ya 13, na ndipo Marciano akamfikishia konde moja la kulia lililomaliza kila kitu. Moyo ule haununuliwi. Ninachosema ni kwamba 49 kwa 0 ni habari ya hesabu, na hesabu peke yake haituambii angefanya nini mbele ya Foreman mwenye miaka 24.

Kanuni hii mwekee na umpendaye. Ule usiku mzuri wa Ali na Williams una doa: mwaka 1964 Williams alipigwa risasi na polisi, akapoteza figo moja, na alipokutana na Ali hakuwa tena yule mtu wa kutisha. Kwa hiyo usiku ule nautumia kuona Ali aliweza kufanya nini kwa miguu na mikono yake. Siutumii kama ushahidi kwamba alimshinda mtu mkali. Tyson naye alimlaza Holmes Januari 1988, lakini Holmes alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana kwa karibu miaka miwili.

Tuwe waadilifu hapa. Bingwa hupigana na waliopo zama zake, hawezi kujizalia wapinzani. Swali la haki ni hili: palikuwa na mtu aliyestahili, naye akamkwepa au akazuiwa asimfikie? Jack Dempsey alikuwa bingwa tangu 1919 hadi 1926, na Harry Wills, mtu mweusi aliyestahili kabisa, hakupewa pambano la kuwania mkanda ule. Sam Langford, mweusi mwingine kabla yake, hakupata kamwe kupigania mkanda wa dunia wa uzito wa juu. Ubaguzi wa rangi wa Marekani uliwafuta watu ulingoni kabla hawajapanda. Ukimpima Dempsey bila kuliandika jina la Wills pembeni, daftari lako lina uongo.

Hatua ya 4: Sawazisha sheria na mizani

Hapa si pa kukaa sana, lakini pasirukwe.

Mabingwa wengi wa zamani walikuwa wadogo. Marciano alikuwa na kilo 84 hivi alipochukua mkanda, Dempsey 85, Louis wa 1938 kama 90. Leo uzito wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, unaishia kilo 90.7, kwa hiyo wote watatu wangepangwa huko. Lennox Lewis alipompiga Tyson mwaka 2002 alikuwa na kilo 113. Mwili mkubwa ni faida, ila haumalizi hoja: Mei 2024 Oleksandr Usyk aliingia na kilo 101 hivi, Mwingereza Tyson Fury akiwa na karibu 119, na Usyk akashinda.

Mapambano ya ubingwa kwa kawaida yalikuwa ya raundi 15 hadi miaka ya 1980. Kifo cha Kim Duk-koo wa Korea Kusini, Novemba 1982, ndicho kilichosukuma mashirika kuzipunguza hadi 12. Na zama za Dempsey, bondia aliyemwangusha mwenzake aliruhusiwa kusimama juu yake akisubiri ainuke amtandike tena. Ndivyo alivyomwangusha Jess Willard mara saba raundi ya kwanza, Julai 1919. Kwa hiyo kabla ya kubishana, kubalianeni kwanza: raundi ngapi, glavu za wakia ngapi, na aliyeangusha aende kona gani. Mkishindwa kukubaliana hapo, pambano lenu halina refa.

Hatua ya 5: Tazama pambano zima, sauti umeizima

Kila kizazi hapa Tanga kilipewa bondia wake kwa njia yake. Wazee walimjua Ali kwa redio na magazeti, kwa sababu bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Ali na Foreman walipoanza saa 10 alfajiri ya Kinshasa, huku kwetu ilikuwa saa 12 asubuhi, na habari zilifika kwa sauti. Kwao Ali ni sauti kabla hajawa mwili. Waliofuata walimpata Tyson kwenye mabanda ya video, na kanda zile zilikuwa nokauti juu ya nokauti, bila raundi zile za kuchosha ambamo mtu mrefu anamkumbatia na kumzuia. Vijana wa leo wanawapata Usyk na Fury kwa vipande vya dakika mbili kwenye simu. Hakuna kizazi kilichodanganywa, ila kila kimoja kimeonyeshwa upande mmoja. Dawa ni kutazama raundi zote.

Pakua pambano usiku, bando linapokuwa rahisi. Zima sauti, maana mtangazaji akimpenda mmoja atakuvuta bila wewe kujua. Kila raundi mpe mshindi 10 na mwenzake 9. Aliyeangushwa mpe 8. Andika kabla hujatazama majaji walisemaje. Fanya hivyo kwa pambano la tatu la Ali na Ken Norton, Septemba 1976. Majaji walimpa Ali. Ukishamaliza karatasi yako utaelewa kwa nini mpaka leo watu hawajaridhika.

Usiangalie glavu peke yake. Raundi ya kwanza tazama miguu tu: nani anachagua umbali wa pambano. Raundi ya pili tazama kinga. Raundi ya tatu hesabu jebu.

Kuhusu jebu, kuna mzee hapa mjini aliyewahi kuwafundisha vijana ngumi, na akiwa barazani hunyoosha mkono wa kushoto na kikombe chake cha kahawa kuonyesha jebu ya Holmes. Bega linapanda na kukifunika kidevu, kiwiko hakifunguki kwenda nje, ngumi inatoka na kurudi kwenye mstari ule ule, na mguu wa mbele unagusa chini sekunde ile ile ngumi inapofika. Kahawa haimwagiki. Siku moja kijana akamwambia:

"Shikamoo babu. Lakini Tyson angeipita hiyo."

"Marahaba mjukuu wangu. Angeipita, ndiyo. Angeipita mara ngapi kwa raundi? Nenda kahesabu, uje uniambie."

Jibu lake ndilo mbinu yenyewe. Bondia yeyote mzuri ataipita jebu mara kadhaa. Unachotafuta ni kwamba katika kila jaribio kumi, ngapi zilipita na ngapi zilimrudisha nyuma.

Tahadhari moja kuhusu picha za kale. Kamera za zama za Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu, na za Dempsey zilizungushwa kwa mkono, na filamu zao zikionyeshwa kwa kasi ya kisasa mabondia huonekana wanarukaruka kama wanasesere. Usimdharau mtu kwa kosa la mtambo. Punguza kasi ya video mpaka hatua zao zifanane na za binadamu anayetembea, kisha ndipo uanze kuhukumu. Utashangaa jinsi Johnson alivyokuwa akizipokea ngumi za watu kwa viganja zikiwa bado njiani.

Hatua ya 6: Usitumie mnyororo wa "huyu alimpiga yule"

Hoja inayopendwa sana ni hii: A alimpiga B, B alimpiga C, kwa hiyo A ni mkali kuliko C. Miaka ya 1970 iliivunja kabisa. Machi 1971 Frazier alimshinda Ali kwa pointi na kumwangusha raundi ya 15. Januari 1973 Foreman akamfanya Frazier kitu kibaya. Machi 1973 Norton alimvunja Ali taya na kumshinda. Machi 1974 Foreman alimmaliza Norton raundi mbili tu. Kwa mnyororo ule Ali alipaswa kuzikwa Kinshasa, na wengi waliamini hivyo.

Mitindo ndiyo ilikuwa inaamua. Frazier alikuwa anaingia ameinama, anatembea moja kwa moja kuelekea kwenye ngumi ya Foreman inayotoka chini kupanda juu. Hakuna mtindo uliomfaa Foreman kuliko ule. Norton alikuwa akisubiri jebu ya Ali na kurusha yake sekunde ile ile, akimharibia mdundo. Ali kwa Foreman alikuwa na vitu viwili ambavyo Frazier na Norton hawakuwa navyo: ustadi wa kumshika shingo, na kidevu cha kusubiri hadi jitu lichoke. Kwa hiyo andika mtindo wa kila bondia kwa sentensi mbili, kisha andika ni mtindo gani ulimsumbua hata pale aliposhinda. Sentensi ya pili ndiyo dhahabu.

Wala usitafute mashine ikuamulie. Mwaka 1969 Ali na Marciano waliingia studio wakarekodiwa wakipigana raundi nyingi za maonyesho, na kompyuta ikapewa kazi ya kutoa mshindi. Marciano alifariki kwa ajali ya ndege Agosti 31 mwaka huo, kabla filamu haijatoka. Ilipoonyeshwa Januari 1970, Marekani walioneshwa Marciano akishinda kwa nokauti raundi ya 13. Toleo jingine lililoonyeshwa Ulaya lilimpa Ali ushindi. Mashine ilijibu kile ilicholishwa.

Hatua ya 7: Sasa fungua ukurasa wa pili

Kwenye ukubwa wa kudumu mimi nauliza maswali manne, na sijumlishi alama, kwa sababu alama humfanya mtu wa wastani katika kila kitu aonekane sawa na aliyefanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliweza.

La kwanza, muda. Louis alikuwa bingwa tangu Juni 1937 hadi Machi 1949, akatetea mkanda mara 25. Hakuna aliyemfikia katika uzito huu. Holmes alitetea mara 20, na bado barazani jina lake halitajwi mpaka mtu alichokoze. Hilo linaniuma. Kosa lake ni kuja baada ya Ali.

La pili, orodha ya aliowashinda. Hapa Ali hana mshindani: Sonny Liston, Floyd Patterson, Frazier, Foreman, Norton. Wengine wangejenga jina kwa wawili kati ya hao.

La tatu, alipopotea alifanya nini. Max Schmeling alimlaza Louis raundi ya 12 mwaka 1936. Juni 22, 1938, Ujerumani ya Hitler ikiwa imelifanya pambano la marudiano kuwa suala la taifa, Louis alimmaliza kwa dakika mbili na sekunde nne. Lewis alilazwa na Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman mwaka 2001, pambano la pili likiwa Afrika Kusini, akarudi akawapiga wote wawili. Alistaafu bila kuacha mtu aliyepanda naye ulingoni ambaye hakumshinda. Frazier, Norton na Leon Spinks walimpiga Ali, na wote watatu aliwarudia akashinda. Tyson aliangushwa na Douglas, na Holyfield, na Lewis, na hakuna hata mara moja alipoinuka kutoka chini akashinda pambano lile. Kwa sababu hiyo, ukali wake wote wa 1986 hadi 1988 namwandikia kwa wino mzito ukurasa wa kwanza, lakini ukurasa wa pili simweki katika watano wa juu.

La nne ni kile kilichotoka nje ya kamba, na hili nalipa nafasi ndogo zaidi, ila sifuti. Kusimama kwa Ali dhidi ya vita ya Vietnam kulimgharimu miaka na pesa. Louis alitoa malipo ya mapambano mawili ya 1942 kwa mifuko ya kuwasaidia wanajeshi, kisha nchi ile ile ikaja kumsumbua kwa kodi hadi uzeeni. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuwatazama mashujaa hawa kwa macho yetu wenyewe. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tulikwenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Nampenda Ali kuliko bondia yeyote, na safari ile naiandika kwenye ukurasa wake pamoja na mengine.

Kwangu mimi, kwa ukubwa: Ali, Louis, kisha Lewis, Holmes na Foreman kwa mpangilio huo, Marciano na Johnson wakifuata kwa karibu. Usyk nimemwandika kwa penseli. Alikusanya mikanda yote ya kruza mwaka 2018, akamshinda Anthony Joshua mara mbili, Fury mara mbili, na Julai 2025 akamlaza Daniel Dubois raundi ya 5 uwanjani Wembley. Akiwa na mwili mdogo kuliko wapinzani wake karibu wote, rekodi hii inaweza kumpandisha hadi nafasi ya tatu.

Hatua ya 8: Pigana pambano moja hadi mwisho

Tuchukue lile la barazani: Ali wa Novemba 1966 na Tyson wa Juni 1988. Raundi 12, glavu za wakia 10, aliyeangusha anakwenda kona ya mbali.

Ali ana sentimita 191, mikono ikinyooshwa inafika 198. Tyson ana kama 178 na mikono 180, ila ana kilo mbili au tatu zaidi. Udhaifu wa Ali unajulikana: anashusha mikono na kurudisha kichwa nyuma kwa mstari ulionyooka. Henry Cooper alimwangusha hivyo London mwaka 1963, Frazier akamwangusha hivyo mwaka 1971, na wote walitumia ngumi ya kushoto ya mzunguko. Ngumi hiyo hiyo ndiyo silaha ya Tyson, na ya kwake inakuja haraka kuliko ya Cooper. Kwa hiyo anayesema Tyson ana nafasi raundi za mwanzo hasemi upuuzi.

Sasa tafuta mtindo uliomsumbua Tyson akiwa bado kwenye ubora wake. Mwaka 1986 James Tillis alizunguka na kumfikisha raundi zote 10. Machi 1987 James "Bonecrusher" Smith alimkumbatia raundi 12 nzima. Agosti 1987 Tony Tucker, mrefu mwenye jebu, naye alifika raundi ya 12. Wote walishindwa kwa pointi, lakini wote walionyesha kwamba Tyson akizuiwa raundi nne za kwanza, idadi ya makonde yake hushuka na anaanza kutafuta moja moja. Ali wa 1966 alikuwa na miguu kuliko Tillis, jebu kuliko Tucker, na ustadi wa kushika shingo kuliko Smith.

Namwona Ali akiyumbishwa mara moja, pengine raundi ya 2 au ya 3, kisha akichukua raundi kuanzia ya 5 na kushinda kwa pointi zilizo wazi, au refa akisimamisha raundi ya 11. Kitu kimoja kinaweza kunifanya nifute: ukubwa wa ulingo, maana vipimo havilingani kila mahali. Ali wa mwaka ule alihitaji nafasi ya kuzungukia. Ukiniletea ulingo mdogo, wenye zulia laini linalomeza miguu, naandika Tyson, raundi ya 3.